Tupeane uzoefu: stadi dhaifu ya mapigano uliyoing'ang'ania, na marekebisho yaliyoiokoa au kuiharibu

Wakuu, nawasalimu nyote kutoka Mikindani. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalomkuta karibu kila anayecheza gemu za kuigiza wahusika mtandaoni: unachagua stadi ya mapigano kwa mapenzi yako, unaikuza kwa miezi kadhaa, kisha unagundua kwamba mwenzako aliyechagua nyingine anamuua mnyama yuleyule kwa muda mfupi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Kila atakayechangia aeleze aliyoyaona yeye mwenyewe, aitaje stadi yake, na aseme ni marekebisho gani yaliyosaidia na yapi yaliyoharibu.

Nianze mimi. Nacheza Old School RuneScape kwenye simu, upande wa bure, na stadi yangu ni uchawi. Mapigano ya gemu ile yamejengwa kama pembetatu: uchawi humlemea aliyevaa deraya ya chuma, upanga humlemea mpiga mishale, na mshale humlemea mchawi, yaani kila mbabe ana mbabe wake. Pembetatu hiyo huonekana zaidi watu wanapopigana wao kwa wao. Ukiwa mbele ya mnyama, kinachoamua ni hesabu, na hesabu hiyo niliifanya usiku mmoja nyuma ya daftari la mdogo wangu baada ya kuchoka kuachwa nyuma na wenzangu.

Chukueni uchawi wa Fire Strike, ambao ukomo wa pigo lake ni 8, mkaulinganishe na upanga uliofikia ukomo huohuo wa 8. Anayetazama namba hizo ataapa kwamba ni sawa. Lakini gemu huhesabu muda kwa vipande vya sekunde 0.6, upanga wa aina ya scimitar hupiga kila baada ya vipande 4, yaani sekunde 2.4, ilhali uchawi husubiri vipande 5, yaani sekunde 3. Tuseme wote wawili wanapata shabaha mara 6 kati ya 10, na kila pigo linalopata huondoa wastani wa 4. Mwenye upanga ataondoa damu 1 kwa sekunde, na mchawi 0.8. Zaidi ya hapo, kila pigo langu lilikula mawe ya kichawi: 3 ya moto, 2 ya hewa na 1 ya akili, mpaka nilipopata fimbo inayotoa moto bila kikomo. Upanga wa mwenzangu haukula chochote. Naye kila alipopanda leveli ya nguvu ukomo wake uliweza kupanda, mimi nikabaki na 8 hadi nilipofungua uchawi wa ngazi iliyofuata.

Mwaka 2024 watengenezaji walileta marekebisho ambayo mimi nayahesabu kuwa ya busara kuliko yote niliyoyashuhudia. Hawakuongeza nguvu ya uchawi kila mahali. Waliwapa wanyama wengi udhaifu kwa kimoja kati ya hewa, maji, udongo na moto, na pia Wind Strike, uchawi wa hewa ambao ukomo wake ulikuwa 2 tu, sasa hufika 8 mchawi akiwa na leveli 13. Nakumbuka nilivyosimama kwenye pango la barafu, jitu la barafu likinijia, nikalipiga kwa moto na kuona damu yake ikishuka upesi kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Ujuzi wangu wa kumfahamu windo ulikuwa umepata thamani. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba stadi dhaifu hupewa kwanza kazi yake, ndipo namba zake ziguswe.

Mchangiaji wa Masasi

Mkuu, nakubaliana na hesabu yako, ila umesahau kuhesabu usalama. Juu kabisa ya mnara wa wachawi yumo pepo wa leveli 82 aliyefungiwa ndani ya kizimba. Mwenye upanga hawezi kumfikia; mchawi na mpiga mishale wanampiga wakiwa nje bila kupoteza hata tone la damu. Nilikaa pale jioni nyingi baada ya kutoka shambani, simu ikiwa kwenye chaji, na sikununua chakula cha kujiponya hata kimoja. Ukimhesabia mwenye upanga gharama ya chakula, pengo lenu linapungua sana.

Mchangiaji wa Lindi mjini

Mimi nimelipata tatizo hili nikiwa upande wa pili, kwa kuwa nimetengeneza gemu yangu ndogo ya maandishi inayochezwa kwenye simu na watu 11, baadhi wakiwa hapa Lindi na wengine Kilwa Masoko. Ina upanga, upinde na mkuki, na kwa miezi mitatu hakuna aliyeugusa mkuki. Nikafanya jambo jepesi: nikapandisha pigo lake kutoka 10 hadi 15. Ndani ya wiki moja watu 9 kati ya 11 walikuwa na mikuki, na soko la panga likafa kabisa.

Nilipotaka kurekebisha kosa nikaushusha hadi 12, na hapo ndipo nilipoumia. Kijana mmoja alikuwa ameuza upanga wake alioutafuta kwa muda mrefu ili anunue mkuki. Alinipigia simu usiku, akaniuliza kwa upole kabisa ni nani atakayemrudishia upanga wake. Sikuwa na jibu. Nilimrudishia kesho yake, nikawaomba radhi wote.

Baada ya hapo niliurudisha mkuki kwenye 10 yake ya awali, nikaupa sifa ambayo upanga hauna: unamgusa adui akiwa bado hatua mbili mbele, kwa hiyo wewe ndiye unayeanza, ila ukikosa pigo hilo la kwanza unachelewa kujiweka sawa. Leo wenye mikuki ni 4, wote wakiwa ni wale wanaopenda kutembea kwa kundi na kusimama mbele. Nimejiwekea pia utaratibu wa kubadilisha namba moja tu kwa wiki na kuitangaza siku tatu kabla, ili mtu asiuze mali yake gizani.

Mchangiaji wa Nachingwea

Kaka wa Lindi, hilo la kutangaza mapema ni zito kuliko watu wanavyodhani. Katika RuneScape, leveli 92 ndiyo nusu ya safari ya kufika 99: pointi 6,517,253 kati ya 13,034,431. Ukigusa stadi ya mtu aliyefika huko, unagusa miaka yake. Novemba 2012 gemu hiyo ilibadilisha mfumo wake wote wa mapigano, na wachezaji wengi wakaondoka. Februari 2013 kura ya kutaka toleo la 2007 lirudishwe ilipata zaidi ya kura 440,000, na tarehe 22 ya mwezi huo toleo hilo likafunguliwa.

Toleo lililorudi, ambalo ndilo hiyo Old School ya aliyefungua uzi, limekuwa likipigia kura mabadiliko yake mengi; kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji asilimia 75 ili lipite, na siku hizi ni asilimia 70. Naliheshimu hilo, ila nina wasiwasi nalo: stadi dhaifu huwa na watu wachache kwa sababu ni dhaifu, kwa hiyo wanaoamua hatima yake ni wengi wasioitumia.

Mchangiaji wa Newala

Njomba, mmezungumzia namba bila kuutaja mtandao. Kipande cha sekunde 0.6 kinatusitiri sisi wa huku, kwa sababu amri yangu ikichelewa kidogo bado inawahi kipande chake. Lakini stadi inayotaka ubadilishe silaha na deraya katika kipande kimoja inaweza kuwa kali kwa aliye karibu na seva, na kwangu ikawa dhaifu. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nilijaribu mtindo huo mara tatu na mara zote tatu nilikufa huku skrini ikinionyesha mzima. Uchawi unaojirudia wenyewe baada ya kuguswa mara moja ndio uliobaki na manufaa.

Aliyefungua uzi

Njomba wa Newala, nakushukuru, maana hata katika hesabu yangu ya daftarini muda wa mtandao sikuuweka. Dada wa Nachingwea, nadhani kura ingefaa iulize kwanza mtu anatumia stadi gani, kisha majibu ya wanaoitumia yaonyeshwe peke yake kando ya jumla.

Kaka wa Lindi, kama nafasi ipo, niandikishe niwe mchezaji wa 12. Nitachukua mkuki, na nitakuandikia kila pigo la kwanza nitakalokosa nikiwa kwenye mtandao wa huku Mikindani.