Passo niiwekee oili gani: 0W-20, 5W-30 au "namba 40" ya fundi?

MwalimuWaBaridi
Habarini wakuu. Nina wiki tatu na gari langu la kwanza maishani, Passo ya 2014, ile ya cc 996 yenye pistoni tatu. Limetoka bandarini Dar moja kwa moja hadi Njombe. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa bodaboda, kwa hiyo mnivumilie.

Jumamosi nilipeleka kumwaga oili. Fundi hakuuliza kitu. Akachukua galoni la lita 4 limeandikwa SAE 40, akamimina lote hadi tone la mwisho, galoni tupu akanipa nikawekee mafuta ya taa. Nikamwonyesha kitabu kilichokuja na gari. Ni Kijapani kitupu, lakini namba zinasomeka: 0W-20 na 5W-30. Akacheka. "Mwalimu, hayo ni maji. Hayo ni ya Wajapani wenye barafu. Afrika joto, oili iwe nzito." Sijui joto gani, maana wote wawili tulikuwa tumevaa makoti.

Tangu siku hiyo nikiwasha asubuhi inagonga taka-taka-taka, sekunde tatu hivi, halafu inatulia. Kupanda kilima nako naona imekuwa nzito. Je, fundi yuko sahihi? Nimwage oili yenye siku nne? Roho inaniuma.

KondaMstaafu
IST yangu naiwekea 20W-50 mwaka wa sita sasa, hapa hapa Dar, na haijawahi kunilaza njiani. Nyie vijana mnasoma vitabu mno. Msikilize fundi.

SpanaNamba10
Dada mwalimu, mimi ni fundi, nilianzia uchochoro wa mtaa wa Gerezani, Dar, nikiosha plagi. Usimkasirikie sana huyo mwenzangu, hivyo ndivyo wengi tulivyofundishwa enzi za injini za kabureta. Ila hapa kakosea, tena mara mbili.

Namba yenye W ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inawahi kupanda juu. 0W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya pili ni ya injini ikishapata moto, na hiyo hupimwa kwenye nyuzi 100. Sasa hiyo SAE 40 haina W kabisa, yaani asubuhi ya Njombe haimhusu aliyeitengeneza. Inakaa chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imelala kama uji uliopoa, wewe unawasha, juu bado hakujafika kitu. Sekunde zako tatu za taka-taka zina uwezekano mkubwa zimetokana na hilo.

Hoja ya joto la Afrika inasikika tamu, lakini injini haijui iko Tanga au Makete. Ikishapata moto, thamostati na feni ndivyo vinavyoishikilia kwenye joto lake. Tena Passo ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na VVT-i inasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo ikipita kwenye vitundu vidogo. Ukiiwekea nzito, inachelewa kuitika. Huo uzito wa kilimani usiushangae.

Kuhusu chaguo: 0W-20 ni sahihi, na 5W-30 ni sahihi. Gari lako limeshatembea kule Japani, na huku utapanda milima na mizigo ya likizo, kwa hiyo lingekuwa langu ningeweka 5W-30. Inapatikana kirahisi hata mikoani. Angalia pia herufi nyuma ya galoni: SN au SP. SN ilitoka 2010, SP ikaja 2020, na zote mbili zinakufaa. Ukiona CF au CI-4 peke yake, hiyo ni ya dizeli, mwachie mwenye lori la Canter.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo limenitoa usingizini. Injini hiyo na filta yake inachukua kama lita 3. Umesema kamimina lita NNE? Oili ikizidi, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaichapa kama mtu anayekoroga mayai. Inajaa povu, na povu halilainishi chuma. Nyingine inatafuta pa kutokea kwenye sili, zile mpira zinazozuia oili isivuje. Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika kumi, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, chomoa tena usome. Inatakiwa iwe kati ya alama mbili.

Mzee Konda, shikamoo. IST yako ni ya zamani, na kama imeanza kula oili, nzito inaficha maradhi. Siyo dawa ya gari la binti.

KondaMstaafu
Marahaba. Haili oili. Inaonja tu.

MwalimuWaBaridi
Nimetoka kuchomoa kijiti sasa hivi. Oili imepita alama ya juu kwa karibu vidole viwili! Kwa hiyo nisiendeshe kabisa? Shule iko kilomita 14.

SpanaNamba10
Acha gari, kesho panda boda. Mwage yote, usipunguze tu, maana hata ukipunguza itabaki ile ile ya namba 40. Filta nayo badilisha, imeshashika oili hiyo. Simama hapo hapo, mwambie amimine lita mbili na nusu kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo huku mkisoma kijiti. Na galoni ulifungue wewe mwenyewe, uone sili haijaguswa. Baada ya hapo mwaga kila kilomita 5,000, vumbi la barabara zenu nalijua.

MwalimuWaBaridi
Mrejesho, wakuu. Nimeenda gereji nyingine na 5W-30 yangu mkononi, SN. Kijana kamwaga, kaweka filta mpya, tumesoma kijiti mara nne, mara ya mwisho alikuwa ananikwepa macho. Leo asubuhi nimewasha saa kumi na mbili kasoro, kuna ukungu, nimetega sikio hadi mama mwenye nyumba akatoka kuuliza kama gari limekufa. Haijagonga.

Galoni limebaki na lita moja kasoro. Nimeliweka uvunguni, na la mafuta ya taa nimelitia alama nisije nikachanganya.

KondaMstaafu
Hiyo lita moja unaiuza?