Tupeane uzoefu: mliosoma Kijapani, vitenzi viliwatoa jasho wapi?

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, mdogo wangu anajiandaa na mtihani wa Kijapani wa N5, ngazi ya chini kabisa. Jana namsikia chumbani "kaite, nonde, matte, hanashite", nikakumbuka mbali. Masu, ule mkia wa heshima, haikunisumbua: tabemasu nakula, tabemasen sili, tabemashita nilikula, tabemasen deshita sikula. Unabadilisha mkia tu, na anayekula ni nani utajijua mwenyewe. Kilichonimaliza ni fomu ya te, ile ya kuombea na kuunganishia vitendo. Mliopita huko, mwageni hapa.

Kanto Boy: Te ni jini.

Dada Mwanaisha: Jini ni kaeru. Vitenzi vyao vina makundi. Kundi la pili unatoa ru unaweka te: taberu, tabete. Kaeru ya kubadilisha inafuata, kaete. Kaeru ya kurudi nyumbani sura ni ileile, kumbe ni ya kundi la kwanza: kaette!

Fundi Mchundo: Dada umenitonesha. Kuna kiru mbili. Ya kuvaa ni kite, ya kukata ni kitte, pale katikati unakaba pumzi kidogo. Na kite ni "njoo" vilevile, ya kuru. Sasa nikiwa kwenye mafunzo ya ufundi huko, drili ya kusimama ikaanza kutoa moshi. Msimamizi yuko upande wa pili anapiga kelele, "Dengen o kitte! Kitte!" Mwenzetu mmoja kitte anaijua, ndiyo kwanza tumetoka kuikariri. Dengen hajawahi kuisikia. Mbele yake kuna waya na koleo. Kaukata! Cheche, karakana nzima giza, koleo limeliwa meno. Yeye mzima, ila kaganda mikono juu. Kumbe dengen ni umeme unaolisha mashine, alikuwa anaambiwa azime swichi. Msimamizi kaja mbio, kwanza kamkagua vidole kimoja kimoja, ndipo akaanza kufoka. Na akifoka huyo, masu zote zinahama: "Sawaru na!" Usiguse! Siku hiyo ndiyo nilielewa katazo kali: kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, unabandika "na" mwishoni, basi.

Mzee wa Busati: Hii chai, tena ina tangawizi.

Fundi Mchundo: Koleo lilitundikwa ukutani kama onyo. Usiamini.

Bongo Sendai: Mpini ulikuwa na mpira?

Dada Mwanaisha: Jamani, vitenzi.

Bongo Sendai: Vitenzi gani, mtu kaponea chupuchupu! Halafu hata kwetu umeme unakatwa kila siku, sijaona mtu kashika mkasi.

Sensei wa Mchongo: Shida yenu mlianza na masu. Anzeni na fomu ya kamusi, kila kitu kinachipukia hapo.

Dada Mwanaisha: Kamusini zote ni kaeru. Masu ndiyo inayozitenganisha: kaerimasu ya kurudi, kaemasu ya kubadilisha.

Sensei wa Mchongo: Na okimasu je? Ni okiru ya kuamka au oku ya kuweka? Masu imekusaidia nini hapo?

Dada Mwanaisha: Haya, nenda kamwambie bosi wako "taberu?" kama mshikaji wa kijiweni, uone.

Kanto Boy: Mnagombana nini, kundi la kwanza dogo aliimbe tu. U, tsu, ru: tte. Mu, bu, nu: nde. Ku: ite. Gu: ide. Su: shite. Iku ni mkorofi, anakwenda itte. Apige na mdundo wa singeli, haitoki kichwani.

Sensei wa Mchongo: Kuimba ni kwa chekechea. Aandike daftari lijae.

Nyamwezi Osaka: Mimi nilifaidi kwenye kunyambulisha. Taberu kula, tabesaseru lisha, tabesaserareru lishwa, tena kwa kulazimishwa. Darasa zima linalia, mimi natabasamu, haya si tulishayafanya shule ya msingi? Kilichonitesa ni kukanusha. Sisi "si" inatangulia, umeshajua. Wao wanakuburuza tabesaserare... roho juu, ndipo wanamalizia nakatta. Kumbe hakulishwa!

Mtoto wa Chumbageni: Dogo kapitia uzi wote. Anauliza nu ina vitenzi vingapi maana kitabuni kaona shinu tu.

Kanto Boy: Ni hicho hicho, kufa. Shinde. Akikariri kimoja kamaliza kundi.

Mzee wa Busati: Fundi, picha ya koleo iko wapi?