Kompyuta ya Linux inachukua dakika nzima na nusu kuzima, shida nini?

mtumia_ubuntu: Wakuu habari za jioni. Nina desktop yenye Ubuntu 22.04, kuwaka inawaka fasta tu ila kuzima sasa, nabonyeza power off inabaki kwenye logo inazungusha weee mpaka nakata tamaa nashikilia kitufe. Umeme ukikatika ndo balaa, UPS yangu ishachoka haifiki hata dakika mbili, kwa hiyo inazimikia katikati. SSD ni mpya kabisa.

fundi_usiku: Pole mkuu. Ikifika kwenye logo bonyeza Esc utaona maandishi yaliyojificha nyuma yake. Tuandikie yanasemaje, bila hivyo tutakuwa tunapiga ramli tu.

mtumia_ubuntu: Nimeona! Inaandika "A stop job is running for Make remote CUPS printers available locally" halafu inahesabu 23s / 1min 30s na inaendelea, mstari mwekundu unaenda na kurudi.

baba_wawili: Hiyo rahisi, fungua /etc/systemd/system.conf, kwenye DefaultTimeoutStopSec (muda wa kusubiri programu ijifunge) toa alama ya reli (#) mbele yake weka 5s, ristati, kwisha habari.

fundi_usiku: @baba_wawili hapana kaka, hiyo inabana kila huduma ambayo haijajiwekea muda wake. Systemd, ile inayosimamia huduma zote za Linux, inaiambia programu ijifunge, inaisubiri sekunde 90, ikigoma ndo inaiua kwa nguvu. Sasa kama kuna programu nyingine ilikuwa bado inaandika data, umeikata koo na yenyewe. Hapa mwenye kosa ni mmoja tu, cups-browsed, kazi yake kutafuta printa za kwenye network. @mtumia_ubuntu wewe printa unayo?

mtumia_ubuntu: Ninayo moja, ya waya wa USB.

fundi_usiku: Basi huihitaji hiyo. Fungua terminal piga sudo systemctl disable --now cups-browsed, ila angalia usizime cups yenyewe maana hiyo ndo inayochapisha. Ikisumbua tena, ukiwasha piga journalctl -b -1 -e utaona mwisho wa safari iliyopita ilikwama wapi.

mtumia_ubuntu: Aisee! Nimezima mara tatu kuhakikisha, sekunde 6 hivi imelala. Na printa nimeijaribu, imetoa karatasi ya mtihani wa dogo vizuri tu. Sasa kuhusu UPS, betri peke yake inabadilishwa au ninunue nyingine?

baba_wawili: Betri tu, ila fungulia uzi mpya mkuu, huku tunaongelea Linux 😂