Naomba ushauri: mwenye nyumba wangu Bologna anakwepa kuandika mkataba

Ndugu zangu, habari zenu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, nina wiki ya tatu hapa Bologna, na naomba mawazo ya waliotangulia kuishi Italia.

Mwanzoni nilihangaishwa na mambo madogo: maduka mengi ya mtaani hufungwa mchana hadi saa kumi, na tiketi ya basi usipoigonga muhuri kwenye kimashine unapopanda, unahesabika hujalipa. Hayo nimeyazoea. Ombi la kibali cha kuishi, ambalo mgeni hutakiwa kuliwasilisha ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini, nililipeleka posta likiwa na stempu ya serikali ya euro 16, na risiti yake naitunza kama hati ya shamba.

Kinachoninyima usingizi ni chumba. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa kweli ni mkarimu na Jumapili huniletea sahani ya tambi, amepokea kodi ya mwezi taslimu, lakini kila nikitaja mkataba anabadilisha mazungumzo, ingawa sheria inataka uandikwe na usajiliwe mamlaka ya kodi ndani ya siku 30. Bila mkataba huo nitapata tabu kujiandikisha manispaa kuwa mkazi, na Kiitaliano changu bado ni cha salamu na kuhesabu chenji.

Je, niendelee kumsihi kwa upole, niende chama cha wapangaji, au nitafute chumba kingine kabla baridi haijakaza?