Shule ya "alama 9" inawatumia watoto wetu kwenye picha, madarasa ya juu inawanyima

Wakuu mlioko Marekani, na nyie mnaojiandaa kuja, huu uzi ni wenu. Nimenyamaza vya kutosha.

Kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp mtu anauliza "shule gani nzuri huko?" na anajibiwa kwa skrinishoti ya tovuti inayopima shule: sekondari ya serikali, kitongojini (nje kidogo ya mji), alama 9 kati ya 10. Watu wanahama mjini kwa hiyo skrinishoti. Kodi inapanda, baba anaongeza zamu ghalani, mama analala kwenye basi, yote ili mtoto asome kwenye hiyo 9. Mimi nina mtoto ndani ya shule ya namna hiyo, na nawaambia bila kupindisha: hiyo 9 haikuhesabiwa kwa watoto wetu, na haiwafikii.

Kwanza jueni hiyo alama inatoka wapi. Wastani wa mitihani ni sehemu yake muhimu. Profesa Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamekusanya matokeo ya shule za umma za nchi nzima, na picha waliyoipata iko wazi: wastani wa alama unafuatana sana na kipato cha familia za eneo husika, lakini kiasi ambacho watoto wanasonga mbele mwaka hadi mwaka hakifuatani na kipato kwa nguvu hiyo. Yaani kitongoji kikijaa madaktari na wahandisi, shule inakuwa na wastani mzuri kabla mwalimu hajafungua mdomo. Dalali wa nyumba anakuuzia wastani wa majirani. Je, mtoto anayeingia leo akiwa nyuma atasogezwa mbele? Hapo dalali hana jibu, na tovuti hazilipi swali hilo uzito linaostahili.

Sasa yangu. Binti yangu alikuja akiwa amemaliza kidato cha pili Tanzania, na upimaji wa NECTA alifanya vizuri. Wakati wa usajili kuna fomu inauliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Niliandika Kiswahili, kwa sababu ndicho tunachozungumza. Akapimwa Kiingereza, akaingizwa kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza. Hapo sina ugomvi, msaada wa lugha anauhitaji. Ugomvi wangu ni kilichofuata: mshauri wa shule akampanga Aljebra 1. Nikatoa ripoti zake mezani, nikaonyesha mada alizokwisha kusoma. Mshauri hakuzifungua. Akasema, "Tuanze polepole, azoee mazingira kwanza."

Azoee nini? Sekondari Tanzania hesabu inafundishwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Kiingereza, mtihani wa Kiingereza. Huyu mtoto hajawahi kutafuta thamani ya x kwa Kiswahili tangu aingie kidato cha kwanza! Anajikwaa akisimulia hadithi, hajikwai kwenye mlinganyo.

Na wazazi wengi hawajui kwamba uamuzi huu wa siku moja unambana mtoto hadi anamaliza shule. Hesabu kwenye sekondari nyingi za hapa zinakwenda kwa mfuatano: Aljebra 1, jometri, aljebra 2, somo la kuandaa kalkulasi, ndipo kalkulasi yenyewe. Kwa kawaida mwaka mmoja kila moja. Wenzake wa kitongoji hiki walishamaliza Aljebra 1 wakiwa darasa la nane, wengine la saba. Wangu ameianza darasa la kumi. Pigeni hesabu wenyewe: darasa la kumi na mbili anamaliza na aljebra 2. Anataka uhandisi. Atashindana na watoto waliokaa kwenye AP Calculus (AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari), na hakuna aliyempima hesabu kabla ya kumpanga. Walimpima lugha, wakaamua na akili yake.

Usiku wa wazazi shule inakupa ratiba ya mtoto, unapita chumba hadi chumba kukutana na walimu. Chumba cha Aljebra 1 nilikaa na mama kutoka Uvira, mbele yetu baba wa Guatemala bado ana sare ya kazi, nyuma dada Msomali amempakata mtoto. Ukutani bango la kujumlisha sehemu. Tulipotoka, mlango wa pili ulikuwa wazi na ubao umejaa kalkulasi. Nikasimama nikaangalia vile viti. Hakukuwa na hata mmoja wetu. Korido ni hiyohiyo, na juu yake zimening'inizwa bendera za mataifa, ya Tanzania imo, ya Kongo imo. Na binti yangu yumo kwenye jalada la kijitabu cha shule, amevaa koti la maabara, ameshika chupa ya majaribio. Kemia hajapangiwa mpaka leo.

Nikaenda kwenye ripoti ya shule ambayo jimbo linaitoa kila mwaka. Sheria ya elimu iliyosainiwa Januari 2002 ililazimisha matokeo yagawanywe kwa makundi, na ile ya Desemba 2015 iliyochukua nafasi yake imeendeleza: rangi na asili, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Nia nzuri kabisa, wastani usifiche watu. Lakini angalieni. Mstari wa wanafunzi weusi ni mmoja. Mtoto wa daktari bingwa Mnigeria, mtoto wa Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake uko hapa tangu enzi za utumwa, na mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wote wamewekwa pamoja kwenye namba moja. Mstari wa wanaojifunza Kiingereza, kwenye safu ya hesabu, hakuna namba. Kuna kinyota. Kundi likiwa dogo kuliko kiwango cha jimbo, matokeo hayaonyeshwi ili watoto wasitambulike, na majimbo mengi yameweka kiwango hicho kati ya 10 na 30. Naelewa sababu. Ila matokeo yake ni kwamba kitongojini, ambako tuko wachache, watoto wetu wanaweza kufeli wote na ile 9 isitikisike.

Kuna jirani, kijana wake ana miaka 17, alipokwenda kusajiliwa akaambiwa "atafaa zaidi" shule ya watu wazima. Majimbo mengi yanaruhusu kusoma sekondari ya umma hadi miaka 20 au 21. Hakuna aliyemwambia. Shule inapimwa pia kwa idadi ya wanaohitimu ndani ya miaka minne, na kijana anayeingia bila krediti hata moja (pointi za masomo aliyofaulu) anaweza kuiharibu hiyo namba. Unganisheni wenyewe.

Najua kuna watakaosema rudini mjini basi. Hapana. Maabara ziko hapa, walimu wa fizikia wako hapa, na sisi tunalipa kodi hapa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1974, kwenye kesi ya Lau, watoto wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu na mwalimu yuleyule hakumaanishi umemtendea sawa. Miaka hamsini na zaidi imepita, bado tunaambiwa "azoee".

Kwa hiyo msisaini kitu kimya kimya. Mkiletewa barua kwamba mtoto amewekwa kwenye mpango wa Kiingereza, ni haki yenu kujua kwa nini na kapata alama gani, na mnaweza hata kuukataa mpango huo. Ombeni mkalimani, ni kazi ya shule kumleta. Msimtumie mtoto kutafsiri kesi yake mwenyewe. Dai kipimo cha hesabu kabla ya kupangwa, dai kwa barua pepe, maana maneno ya ofisini hawayakumbuki. Mimi nimeshaiandikia bodi ya wilaya ya elimu nikitaka idadi moja tu: wanafunzi wangapi wanaojifunza Kiingereza wako kwenye masomo ya AP. Sijajibiwa. Kikao kijacho cha bodi nitaisoma hiyo barua kwenye kipaza sauti, muda wa wananchi, na nataka niwe na mifano zaidi ya mmoja.

Wenye watoto kwenye shule za aina hii, andikeni hapa chini: mtoto alikuja amefika wapi kwenye hesabu, akawekwa darasa gani, na mlipewa sababu gani. Majina ya watoto na shule msiweke.