Nataka kuahirisha mwaka wa tatu udaktari kwa sababu za kiafya, barua inaandikwaje bila kutaja ugonjwa?

Mtulivu99 (Jumatatu, saa 3:12 usiku)
Wakuu habari za usiku. Niko mwaka wa tatu udaktari, chuo sitakitaja maana dunia ndogo hii. Nina shida ya kiafya nataka kuahirisha mwaka nirudi nyumbani Singida, begi nimeshapanga na tiketi ya basi la kesho saa 12 asubuhi ninayo mkononi, mwenzangu wa chumbani nimemwambia bibi anaumwa. Naomba kujua barua ya chuo inaandikwaje kama hutaki kutaja ugonjwa, Bodi ya Mikopo wananikata moja kwa moja au mkopo unanisubiri, na nikirudi mwakani naanza wodi upya au wanahesabu hizi wiki nilizokaa magonjwa ya ndani. Naomba majibu ya haraka, matusi pembeni.

Kivuko_Busisi (3:15)
Ngoja waje wajuzi, nimekaa hapa.

Mzee_wa_Ada (3:21)
Bodi haikukati dogo. Chuo ndicho kinawapelekea taarifa kwamba fulani kaahirisha, mkopo unasimama, ukirudi chuo kinapeleka tena jina lako. Ubaya ni pale uko nyumbani unakula ugali wa mama huku bumu bado unasaini, hapo unajitengenezea kesi. Ila barua ya afya bila karatasi ya daktari sisi kwetu walikuwa hawaipokei kabisa, kwa hiyo hilo la kuficha ugonjwa lisahau.

Ngosha_wa_Kwimba (3:24)
Rudi Singida mazima mdogo wangu ukalime alizeti. Mtaani kwetu kuna madaktari wawili wamemaliza miaka mitano wakaenda mwaka mzima wa utarajali na leo wanasubiri ajira, mmoja anauza vocha. Alizeti haina sup ya kurudia mtihani.

Mlipakodi_Halisi (3:30)
Vijana mnanikera. Kuna mtoto wa mkulima alikosa hiyo nafasi kwa pointi moja tu, wewe umeingia unaanza kuahirisha ovyo ovyo, nchi inahitaji madaktari, vijijini huko mama anajifungulia njiani wewe unauliza mambo ya barua. Ugonjwa gani huo hauna jina? Kama ni mapenzi sema.

Asali_ya_Tabora (3:38)
Usimuonee huyo kijana bwana. Mimi niliahirisha 2012, TB ya uti wa mgongo, kwanza walinitibu mgongo wa kawaida miezi, nakunywa diklofenaki kama karanga, mpaka daktari mmoja mzee akanishika hapa mgongoni akaona kinundu akasema huyu mpelekeni akapigwe picha. Nikalala nyumbani mwaka mzima, mchumba akaolewa, narudi chuo wenzangu wanavaa koti jeupe wanaitwa dokta mimi nakaa na watoto wa mwaka nyuma wananiita brother. Lakini nilimaliza na sasa hivi nina watoto watatu na yule mchumba tunasalimiana vizuri tu. Kwa hiyo ahirisha, afya kwanza.

Bi_Zamu (3:44)
Mwanangu Mtulivu, mimi ni muuguzi mstaafu. Barua tutaiandika baadaye. Ugonjwa umeanza lini na ni daktari yupi kakuona?

Mtulivu99 (3:49)
Shikamoo mama. Hakuna daktari aliyeniona, ni mambo binafsi, siyo ugonjwa wa kulazwa. Mimi naomba tu utaratibu wa barua kama kuna mwenye sampuli.

Bi_Zamu (3:53)
Marahaba. Mwaka wa tatu maana yake ndiyo mmeingia wodini juzi juzi. Hujaonwa na mtu, hutaki kutaja, unakimbia usiku kwa usiku na bibi umemuuguza bure. Nakuuliza kama mama yako, umejichoma sindano?

Mzee_wa_Ada (4:05)
Mbona kimya.

Mtulivu99 (4:17)
Ndiyo mama.

Ilikuwa Jumamosi kama saa 10 jioni. Daktari tarajali alikuwa amezidiwa, kuna wagonjwa wawili wameingia pamoja, akaniambia dogo kamtolee damu yule wa kitanda cha dirishani mimi nakuja. Nimetoa damu vizuri kabisa, nimechomoa sindano naligeukia boksi la njano la kutupia sindano mgonjwa akashtuka akavuta mkono ukanipiga kiwiko, sindano ikapita kwenye glavu ikaingia kidole cha shahada cha kushoto. Nilivua glavu nikaona damu ndani, nikanawa na sabuni kwenye sinki mpaka vidole vikakunjamana. Niliporudi kusoma faili nikakuta karatasi ya CTC, kliniki ya VVU, imebanwa nyuma, mgonjwa yuko kwenye dawa.

Sijamwambia mtu isipokuwa yule tarajali. Yeye kaniomba nisiseme, maana sisi haturuhusiwi kutoa damu bila kusimamiwa, anaogopa wakimuongezea miezi ya utarajali, na ni mtu mwema sana ndiye anayetufundisha kuliko hata waliopangwa kutufundisha. Na CTC ya pale wanaokaa dirishani wananijua kwa jina, wenzangu wanapita pale kila siku. Nimeamua niende nyumbani nitulie, baada ya miezi mitatu nipime, ndiyo maana nikauliza barua.

Bi_Zamu (4:20)
Jumamosi saa 10 mpaka sasa ni saa 54. Dirisha la PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya kujichoma, ni saa 72. Linafungwa kesho saa 10 jioni na wewe saa hizo utakuwa ndani ya basi. Dawa ilitakiwa uinywe ndani ya saa 2, lakini bado ipo nafasi. Vaa viatu uende dharura sasa hivi, hospitali hailali.

Ngosha_wa_Kwimba (4:23)
Aisee pole dogo, nafuta ya alizeti.

Mlipakodi_Halisi (4:26)
Huyo tarajali afutwe kabisa. Huwezi kumtuma mtoto wa watu kwenye damu halafu unamwambia nyamaza, huo ni unyama, na tena atakuja kuwa bingwa huyo atutibu. Mtaje jina.

Kidonge_Kimoja (4:31)
Hapana usimtaje mtu humu. Dogo mimi ni mfamasia, nikueleze kitu. Hii dawa siyo ile waliyokuwa wanatapika nayo kaka zako, siku hizi ni tenofovir, lamivudine na dolutegravir ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku, siku 28. Kwanza wanakupima wewe ili ijulikane ulikuwaje kabla, unaanza dawa, unarudi kupima wiki ya 6 na mwezi wa 3. Na siyo lazima CTC ya hospitali yako, hospitali ya wilaya na vituo vya afya vingi wanayo. Umechanja homa ya ini B?

Mtulivu99 (4:40)
Dozi mbili, ya tatu ilipotolewa nilikuwa na mtihani.

Lakini naombeni mnielewe, sijakurupuka. Nimesoma, sindano yenye damu ya mwenye VVU uwezekano ni kama 3 kwa 1000. Na huyu mgonjwa yuko kwenye dawa, kama virusi vyake vimefubazwa uwezekano ni mdogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo nikipima hesabu, upande mmoja 3 kwa 1000, upande wa pili kuharibu maisha ya tarajali na kunyoshewa vidole miaka mitatu iliyobaki. Na mpenzi wangu akikuta hicho kikopo cha dawa kwenye begi nitamwambia nini? Nyumbani nitakuwa na amani ya kufikiri.

Bi_Zamu (4:46)
Kama virusi vyake vimefubazwa. Umeona kipimo chake cha wingi wa virusi ni cha lini? Huyo mgonjwa kalazwa, mtu hulazwa kwa sababu. Inawezekana aliacha dawa mwaka jana wewe unajipigia hesabu ya mtu anayemeza kila siku. Na hiyo 3 kwa 1000 ni ya VVU peke yake, homa ya ini B, kama mgonjwa anayo, kwa mtu asiye na kinga inafika mpaka 30 kwa 100, na wewe dozi ya tatu huna.

Mimi nimeanza kazi 1986, miaka mitatu tu tangu wagonjwa wa kwanza nchini waonekane Kagera. Tulikuwa tunafua glavu tunazianika kwenye kamba zikikauka tunazipaka poda tunavaa tena. Aliyejichoma hakuwa na cha kupewa, anakaa anasubiri, kila homa ikija anaandika wosia. Dawa za bure zimeanza 2004. Nina mwenzangu wa zamu aliyesubiri enzi hizo, yeye hakuwa na la kufanya. Wewe kidonge kiko umbali wa kutembea kwa mguu halafu unaniambia kusubiri. Nenda mwanangu.

Pwani_Mpya (4:52)
Kuna babu yupo Mkuranga ana mizizi inasafisha damu ndani ya siku saba, nimeona watu kwa macho yangu. Njoo inbox.

Kidonge_Kimoja (4:54)
Pwani_Mpya, kaa mbali na huyu mtoto. Nimekuripoti.

Kapteni_Chalinze (5:03)
Wakuu mnalishwa CHAI hapa. Nimepekua nyuzi za huyu Mtulivu99. Mwezi wa tano aliandika yuko mwaka wa pili anatafuta chumba cha binti anayesoma famasia. Leo mwaka wa tatu udaktari. Pili, Jumamosi saa 10 jioni mwanafunzi anafanya nini wodini? Tatu, aliyechomwa na sindano anasubiri siku mbili halafu anauliza barua ya chuo? Hii kaitunga, kesho mtaona namba ya simu ya kumchangia nauli.

Ngosha_wa_Kwimba (5:06)
Duh kumbe. Nairudisha alizeti.

Asali_ya_Tabora (5:10)
Kapteni nawe. Jumamosi ndiyo siku wanafunzi wanajazana wodini, waalimu hawapo, wanajaza kitabu chao cha kazi, kila utaratibu unataka saini. Mimi nilitoa damu yangu ya kwanza Jumapili ya Pasaka na mgonjwa alinitukana kwa Kinyamwezi mwanzo mwisho.

Mlipakodi_Halisi (5:13)
Hata mimi nilishtuka ile "boksi la njano". Mtu mwenye taharuki hakumbuki rangi ya boksi. Atuwekee picha ya kidole na ya hilo faili.

Bi_Zamu (5:15)
Faili la mgonjwa haliwekwi mtandaoni, msimshawishi. Na boksi la njano ukishafanya kazi nalo unaliota. Mtulivu, umetoka?

Mtulivu99 (5:22)
Mwezi wa tano nilikuwa mwaka wa pili, sasa ni Desemba tumefungua mwaka mpya, na chumba nilikuwa namtafutia dada yangu, yeye ndiye wa famasia. Sijaomba hela ya mtu. Nilikuja kuomba barua mmenifanya mwizi. Kwaherini.

Kapteni_Chalinze (5:25)
Majibu yote yako tayari mfukoni. Chai ya rangi.

Kidonge_Kimoja (5:29)
Hongera Kapteni, umemfukuza.

Kapteni_Chalinze (5:34)
Mimi nimelinda jukwaa. 2019 nilituma elfu thelathini kwa mjane wa humu ndani, kumbe ni mwanaume ana duka la simu Kahama. Tangu siku hiyo siamini mtu.

Bi_Zamu (6:02)
Mtulivu, kama unasoma, usiache kuandika fomu ya ajali kazini kwa ajili ya tarajali. Fomu inauliza saa, sindano aina gani, glavu ulivaa au la, mgonjwa wa chanzo yuko kwenye hali gani. Niambie hata nukta moja nijue umetoka.

Bi_Zamu (Jumanne, saa 11:20 alfajiri)
Basi lako ni saa 12. Limebaki dirisha la masaa 11 kasoro kidogo.

Kivuko_Busisi (saa 1:40 asubuhi)
Kuna taarifa yoyote jamani? Sijalala vizuri.

Mtulivu99 (saa 4:35 asubuhi)
Nimekunywa.

Nilipanda basi kweli. Nimekaa dirishani, tumetoka mjini, nasoma ujumbe wa Bi wa alfajiri, nikapiga hesabu ya kufika nikaona nafika usiku. Nikashuka mji wa kwanza basi lilipochukua abiria, konda kagoma kurudisha hata mia. Nimeenda hospitali ya wilaya, nimemkuta muuguzi wa CTC nikamwambia mimi ni mwanafunzi nimejichoma Jumamosi, hakuniuliza wa chuo gani, ameangalia saa ya ukutani akasema kaa hapo. Nimepimwa, VVU sina, homa ya ini majibu wananipa mchana, nimemeza kidonge mbele yake kwa maji ya kikombe. Wamenipa vya siku chache wakasema vingine nichukue hospitali yangu maana fomu lazima ijazwe ilikotokea ajali. Hapo ndipo sijui.

Lakini bado naona niahirishe. Nitakunywa nyumbani.

Bi_Zamu (4:41)
Alhamdulillahi. Kidonge cha kesho saa hii hii, weka alamu. Usiache hata kimoja mpaka 28 viishe, hata ukijisikia mzima, na majibu ya wiki ya 6 yakitoka safi bado mwezi wa 3 unarudi. Mpaka hapo kondomu na usichangie damu. Dozi ya tatu ya homa ya ini iulize leo leo kabla hujatoka hapo.

Barua ya kuahirisha sikuandikii. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi kesho asubuhi, hicho cheti cha hospitali ya wilaya mkononi.

Mtulivu99 (4:50)
Na tarajali mama?

Bi_Zamu (4:53)
Mpigie kabla hujaenda, asisikie kwa watu. Kama ni mwema unavyosema atakusindikiza.

Kidonge_Kimoja (4:58)
Na ukikuta dirishani CTC kuna mtu anayekujua, salimia kama unavyosalimia siku zote. Wamewahudumia madaktari wako wote hao.

Kapteni_Chalinze (5:10)
Mji gani basi lilipochukua abiria? Taja.

Asali_ya_Tabora (5:12)
Kapteni kalale.

Mtulivu99 (5:31)
Nimempigia. Kasema anaomba ruhusa anakuja kunipokea stendi.