Mrejesho: viza yangu ya uanafunzi Australia

Wakuu, mwezi jana niliuliza kama Australia wanaweza kufuta viza ya mwanafunzi bila kumwambia, baada ya chuo changu kuripoti kwamba nimeacha masomo. Nimepata jibu juzi: haijafutwa.

Kumbe barua ya kuniarifu kwamba wanakusudia kuifuta ilishatumwa, imelala kwenye barua taka katikati ya matangazo ya viatu! Kifungu cha 119 cha Sheria ya Uhamiaji ya 1958 kinawabana watu wa uhamiaji: wakutajie sababu na taarifa wanazozitegemea, kisha wakupe nafasi ya kujitetea kabla ya kuamua. Ila barua pepe inahesabika umeipokea siku ileile ilipotumwa, umeisoma hujaisoma. Nilikuwa na siku 5 za kazi, 3 zilishaliwa. Nikajibu usiku wa manane, nikaambatanisha risiti za ada na uthibitisho wa usajili chuo kipya.

Na yule aliyenikataza kupanda ndege kwenda msibani Moshi, asante sana, japo nilikununia. Ukiwa nje ya Australia, kifungu cha 128 kinawaruhusu kufuta kwanza, kukuarifu baadaye.